Somo: Namna ya Kuitazama Little Shop of Horrors Pamoja na Miisho Yake Miwili

Wageni wanaojiunga nasi huuliza waanzie wapi, na swali lao ni la haki, kwa sababu hadithi hii imesimuliwa mara tatu. Kwanza ilikuwa filamu ya bei ya chini ya mwaka 1960, ya rangi nyeusi na nyeupe, iliyoongozwa na Roger Corman. Kisha ikawa tamthilia ya muziki iliyoanza mjini New York mwaka 1982, ikiwa na maneno ya Howard Ashman na muziki wa Alan Menken. Hatimaye, mwaka 1986, Frank Oz aliigeuza tamthilia hiyo kuwa filamu ya kuchekesha na kutisha, na hiyo ndiyo ninayoisomesha hapa. Mimi niliiona kwanza katika kanda ya VHS iliyochakaa ambayo mjomba aliileta nyumbani. Sisi watoto tuliambiwa kwamba inatisha, tukajibanza nyuma ya kochi, kumbe mama alikuwa akicheka hadi anajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Tangu hapo nimeamini kwamba filamu hii hufaidiwa na anayejua pa kuelekeza macho.

Hatua ya kwanza: ijue hadithi mapema

Usiogope kuharibiwa utamu. Seymour Krelborn ni yatima anayefanya kazi katika duka la maua lisilo na wateja, katika mtaa wa kimaskini wa New York. Siku jua lilipopatwa, alinunua mmea wa ajabu kwa dola 1.95, akaupa jina la Audrey II kwa heshima ya Audrey, mwenzake wa kazini ambaye anampenda bila kuthubutu kumwambia. Mmea ulinyauka kwa kila mbolea na kila maji, hadi Seymour alipojichoma kidole kwa mwiba wa waridi, nao ukaanza kuchezesha midomo ukitaka kunyonya.

Msomaji aliyekulia pwani hahitaji kuongezewa neno, kwa maana huyu ni jini wa kufugwa. Duka linajaa wateja, jina la kijana linavuma, na kila baraka inayoingia mlangoni ina bei yake jikoni. Katika masimulizi ya bibi zetu mfugaji hutoa kuku, halafu mbuzi, halafu huanza kuwatazama ndugu zake kwa jicho jingine. Seymour naye anaanza na matone ya vidole vyake mwenyewe hadi vidole vyote vinajaa plasta. Tafadhali vihesabu vidole hivyo kila anapoonekana kwa karibu, maana filamu inapima deni lake hapo hapo, bila mtu kusema lolote.

Hatua ya pili: anza na toleo la sinema

Toleo lililoingia kwenye majumba ya sinema Desemba 1986 lina dakika 94, na toleo la mwongozaji, lenye mwisho uliopigwa kwanza na lililotolewa mwaka 2012, lina dakika 103. Wako wenzetu wanaosisitiza kwamba mgeni apewe lile refu moja kwa moja kwa sababu ndilo la asili. Mimi napinga. Tazama lile la sinema usiku wa kwanza, lala, kisha usiku wa pili tazama mwisho wa asili. Ukianza na ule wa asili, huu wa furaha utauona kama uongo, ilhali watazamaji wengi wa kizazi kile waliupenda kwa dhati na hawakujua kuwa upo mwingine.

Hatua ya tatu: wafuate wasichana watatu

Crystal, Ronette na Chiffon, walioigizwa na Tichina Arnold, Michelle Weeks na Tisha Campbell, wamepewa majina ya makundi ya wasichana waimbaji yaliyovuma Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kazi yao ni ya waitikiaji, lakini ni waitikiaji wanaojua mwisho wa wimbo kabla ya mwimbaji mkuu. Wanajitokeza ngazini, dirishani na kwenye kona za mtaa, mara nyingi wakiwa wamevaa sare maridadi ambazo hakuna mkazi wa mtaa ule angeweza kuzinunua. Ukiona wamebadilisha nguo, jiandae, kwa kuwa jambo fulani linakaribia kumfika mtu.

Mtaa wote huo, tukiwa hapo hapo, haukuwa New York. Ulijengwa ndani ya ukumbi mkubwa wa studio za Pinewood nchini Uingereza, ule uliopewa jina la 007. Hata mvua inayonyesha humo ilinyeshewa ndani ya nyumba.

Hatua ya nne: itazame midomo ya mmea, kisha mtazame Seymour

Hapa naomba msogee karibu na runinga. Mmea haukuchorwa kwa kompyuta. Ulikuwa kikaragosi, au tuseme ukoo mzima wa vikaragosi vya ukubwa mbalimbali, vilivyoundwa na Lyle Conway na mafundi wake, na kile kikubwa kuliko vyote kilihitaji makumi ya watu wa kuvuta nyaya na kusukuma mitambo. Oz alikuwa mtu sahihi wa kuongoza kazi hiyo, kwani yeye mwenyewe ndiye aliyemwendesha na kumpa sauti Yoda wa filamu za Star Wars, na kabla ya hapo Miss Piggy, kikaragosi cha nguruwe cha The Muppets.

Shida ilikuwa midomo. Mdomo mkubwa na mzito hauwezi kufuatisha maneno ya wimbo wa kasi, na sauti ya mmea ilikuwa ya Levi Stubbs, mwimbaji kiongozi wa The Four Tops, kundi la waimbaji wa soul la Marekani, ambaye hakuwa mtu wa kuimba kwa kunong'ona. Dawa waliyoipata ilikuwa kuipunguza mwendo kamera, ikawa inapiga picha 12 au 16 kwa sekunde badala ya 24 za kawaida. Mmea uliimbishwa polepole, na filamu ilipoonyeshwa kwa mwendo wa kawaida midomo ikachapuka, ikatamka kila silabi kwa wakati wake. Lakini Rick Moranis, aliyemwigiza Seymour, alikuwa mara nyingi yumo katika picha hiyo hiyo. Kwa hiyo naye ilimlazimu kutembea, kugeuka, kupepesa macho na kutamka maneno yake polepole kwa kiwango kile kile, ili akiharakishwa aonekane mtu wa kawaida.

Chagueni usiku ule ambao mmea unamshawishi kijana kwamba wako watu wanaostahili kuliwa. Mara ya kwanza utazameni mmea, mara ya pili ufunikeni mmea kwa kiganja na mumtazame Seymour peke yake. Mtaona ukakamavu fulani katika mabega na shingo, kama wa mtu anayetembea ndani ya maji ya kifuani. Nimewaonyesha watu wengi jambo hili na bado naona kwamba huo ndio uigizaji mgumu kuliko wote katika filamu nzima, ingawa sifa nyingi huenda kwa daktari wa meno.

Hatua ya tano: daktari wa meno

Steve Martin, anayemwigiza daktari wa meno katili ambaye ni mpenzi wa Audrey, anaingia kwa pikipiki na koti la ngozi, na hahitaji mwongozo wangu. Angalieni tu kamera inapowekwa ndani ya kinywa cha mgonjwa. Mgonjwa mwingine, anayefurahia maumivu hadi anamkera daktari, ni Bill Murray, ambaye alibuni maneno yake mwenyewe papo hapo. Mhusika wa namna hiyo aliachwa katika tamthilia ya jukwaani na kurudishwa katika filamu hii. Mwaka 1960 aliigizwa na kijana ambaye bado hakuwa na jina kubwa, Jack Nicholson.

Hatua ya sita: mwisho wa asili

Katika toleo la sinema, Seymour anauangamiza mmea kwa umeme na kumuoa Audrey, nao wanahamia katika nyumba ndogo yenye bustani. Katika mwisho uliopigwa kwanza, Audrey anakufa mikononi mwa Seymour, naye kwa ombi la Audrey mwenyewe anaulisha mmea mwili wake. Baadaye Seymour naye analiwa. Vipande vya mmea vinauzwa kote Marekani, mimea inakua kama majengo, inabomoa miji na kuwafukuza watu barabarani, na wasichana watatu wanaimba onyo la kutoilisha. Miji midogo ya mfano iliyobomolewa humo ilitengenezwa chini ya Richard Conway kwa gharama ya mamilioni ya dola, na kwa ufundi unaostahili kutazamwa hata na asiyependa nyimbo.

Kisha yakafanyika maonyesho ya majaribio mjini San Jose. Watazamaji walipiga makofi kila wimbo ulipokwisha, hadi wapendwa wao wawili walipokufa, ukumbi ukapoa. Studio ilitaka angalau asilimia 55 ya watazamaji waseme wangeipendekeza filamu kwa wengine, zikapatikana asilimia 13 tu. Los Angeles nako hali haikuwa tofauti, na mwisho mpya ukapigwa. Oz ameeleza mara nyingi kwamba jukwaani mwigizaji aliyeliwa hurudi kuinama mbele ya watu na kushangiliwa, ila kwenye sinema aliyekufa amekufa.

Namwelewa, lakini moyo wangu uko kwa ule wa asili. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, na mwisho wa sinema unamwachia mchuma janga aondoke na bibi harusi, bila kuulizwa lolote kuhusu bwana Mushnik, mwenye duka aliyemlea tangu utotoni na ambaye Seymour alimrudisha kinyumenyume hadi akaingia kinywani mwa mmea.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Nasra, Tanga: Mwalimu, nina wajukuu wa miaka tisa na kumi na mmoja. Je, ni filamu ya kutazama nao?

Jibu: Shikamoo mama. Marekani iliwekewa alama ya kuwataka wazazi wawe waangalifu kwa watoto walio chini ya miaka 13, nami nakubaliana nayo. Damu inayoonekana ni kidogo, na hata shoka linapofanya kazi tunaona kivuli tu. Linalonipa wasiwasi zaidi ni kwamba daktari wa meno anampiga Audrey, na filamu inafanya mzaha karibu na jambo hilo. Ningekushauri uitazame kwanza peke yako, kisha ukiamua kuwaonyesha, ukae nao uwaambie waziwazi kwamba yule si mtu wa kuchekewa anapoinua mkono.

Kipepeo, Nairobi: Je, ile ya 1960 ina faida yoyote, au ni ya wanahistoria?

Jibu: Ina faida, dada, nayo ni fupi. Corman aliipiga sehemu yake kubwa kwa siku mbili na usiku mmoja, kwa fedha kidogo mno, na haraka hiyo inaonekana katika kila kona. Hakuna nyimbo. Haki zake zilishakuwa mali ya umma, kwa hiyo unaweza kuitazama kwenye intaneti bila kumwibia mtu. Itazame baada ya hii, usiitangulize.

Mzee wa Jukwaa, Toronto: Naomba kuchangia kumbukumbu badala ya swali. Nilipokuwa mwanafunzi huku, kikundi chetu kilicheza tamthilia hii, nami kwa kuwa sijui kuimba nikawekwa ndani ya mmea. Mwimbaji alisimama pembeni na kipaza sauti, mimi nikiwa gizani nikisukuma taya la juu kwa mikono yote miwili. Joto lilikuwa la tanuri. Nilijifunza kwamba sharti uanze kufungua mdomo kabla kidogo ya neno, kwa sababu ukisubiri ulisikie umechelewa. Usiku wa mwisho nilimfungia mdomo mwenzangu aliyekuwa akiliwa huku mguu wake mmoja ukiwa nje, na watu wakadhani tumekusudia.

Jibu: Kaka, asante sana. Somo langu la hatua ya nne umelieleza kwa sentensi mbili.

Baba Warda, Muscat: Wimbo wa Audrey wa kuota nyumba yenye majani mabichi unanikumbusha wimbo wa nguva wa Disney ambao binti zangu waliuimba asubuhi na jioni. Je, naota?

Jibu: Huoti, ndugu yangu. Ni watunzi wale wale. Ashman na Menken waliitwa Disney baada ya hapa, wakatunga nyimbo za The Little Mermaid ya mwaka 1989 na za Beauty and the Beast. Katika nyimbo zote mbili msichana anahesabu vitu vya ulimwengu asioufikia, na Ashman mwenyewe alikuwa akiutania ule wa nguva kwamba ni wimbo wa Audrey uliotiwa majini. Alifariki mwezi Machi 1991 akiwa na miaka 40, kwa maradhi yatokanayo na UKIMWI, kabla ya Beauty and the Beast kutolewa.

Kipepeo, Nairobi: Narudi tena. Kwa nini wapenzi wa zamani huzungumzia DVD ya mwaka 1998 kana kwamba ni johari?

Jibu: DVD hiyo ilitolewa ikiwa na mwisho wa asili katika nakala ya kazi isiyo na rangi wala sauti kamili. Mtayarishaji David Geffen hakuwa ameridhia, ikaondolewa madukani baada ya siku chache, na zilizokwisha nunuliwa zikapanda bei. Mwisho huo ulirejeshwa kwa rangi kamili mwaka 2012, kwa hiyo leo thamani ya DVD ile ni ya mkusanyaji tu.

Mama Nasra, Tanga: Nimeitazama jana, mwalimu. Wamefunga ndoa, wameingia nyumba nzuri, halafu pale bustanini nikaona kitu kimechipua. Macho yangu au?

Jibu: Si macho yako, mama. Ni chipukizi, na linatabasamu.