Jinsi ya kufundisha kwa grupu la WhatsApp hata kama nusu ya darasa haina simu

Walimu wenzangu wa huku nyanda za juu, poleni na baridi. Wiki hii nimeulizwa na walimu kama watatu hivi eti ticha unawezaje kufundishia WhatsApp wakati madogo wa shule ya kata hata kitochi hawana, nikaona badala ya kumjibu kila mmoja kwa voisi ya dakika saba bora niandike mara moja anayetaka asome. Mi nafundisha jiografia upande wa Rungwe, mkoa wa Mbeya, shule ya kutwa, kwahiyo haya ninayosema ni ya mazingira hayo, we wa bweni utachukua kinachokufaa.

Kwanza hii mitandao ya kijamii ni nini hasa maana kuna mzazi kwenye kikao alisimama akasema mitandao ni uhuni, kakaa. Sikumbishia sana. Ila ukiangalia, redio inaongea we unasikiliza basi, mtandao wa kijamii ni pale ambapo kila aliyepo ana maiki yake, wenye mtandao wanaweka uwanja tu, maneno na picha tunaleta sisi wenyewe. Na hao wa Facebook walianzia chuoni kabisa, 2004, pale Harvard Marekani, mwanzoni walikuwa wanaingia wanafunzi tu, 2006 ndo wakafungua kwa watu wote kuanzia miaka 13. YouTube ilikuja 2005, WhatsApp 2009, Telegram 2013, na hapa kwetu JamiiForums ipo tangu 2006. Sio vitu vya jana. Halafu Machi 2020 shule zilivyofungwa kwa ajili ya korona kila mwalimu akakimbilia kufungua grupu, na mengi yale yalikufa hata kabla shule hazijafunguliwa, langu likiwemo.

Lilikufaje? Nilichukua namba za wazazi nikaziingiza zote usiku mmoja bila kuuliza mtu. Asubuhi nakuta ua lenye maandishi ya asubuhi njema, chini yake tangazo la mikeka ya kubeti, chini yake mtu kafowadi tarehe ya kufungua shule ambayo sijui kaitoa wapi, mwingine anauliza hili grupu la nini, wa tatu kaleta picha ya msiba. Notsi zangu za mito na maziwa ziko huko juu hakuna anayeziona. Wiki ya tatu nikawa naongea peke yangu.

Sasa kilichobadilika sio mtandao, ni mimi. Nilikuwa nalipanga grupu kwa ajili ya mwanafunzi mwenye simu yake, na huyo mwanafunzi kwangu hayupo. Niliyenaye ni yule wa simu ya mama. Kuna mama mmoja muuza ndizi aliniambia sokoni, "Mwalimu, sikatai mtoto asome, ila hii simu ndo ya miamala, akikaa nayo mpaka chaji ikaisha kesho mteja wangu wa Mbeya mjini atanipataje?" Yaani hapo ndo nikaelewa. Simu ya mama inapatikana baada ya chakula cha usiku, kwa muda mfupi, bando likiwa limebaki mkiani. Ukipanga kipindi chako kikatosha hapo kitatosha kwa wote.

Kwahiyo kabla hujagusa simu chukua karatasi. Pita darasani uandike kila mtoto anakaa kitongoji gani na nyumbani kwao nani ana simu janja, usiulize kwa kunyoosha mikono, madogo wanaona aibu wanadanganya, waandike kwenye vikaratasi. Mi darasa la watoto 52 nilipata simu 19. Ukiangalia unasema haiwezekani, lakini ukizipanga kwa vitongoji unakuta karibu kila simu inaweza kubeba watoto wawili mpaka wanne wanaokaa jirani, hicho ndo naita kituo. Wasichana usiwapangie kutembea usiku kwenda kituo cha mbali, hao wapewe kituo nyumba ya jirani kabisa, na kama hakuna basi kazi yao unaiprinti stesheneri unawapa mchana. Nakala mbili tatu hazikufilisi.

Baada ya hapo ongea na mkuu wako, ongea na mwalimu wa taaluma, halafu wazazi kwenye kikao. Usiruke hii hatua. Ukimwingiza mtu kwenye grupu la WhatsApp namba yake inaonekana na wote mle ndani, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, jina la mtoto na picha yake na namba ya mama yake sio mali yako ya kugawa. Mi nina karatasi moja mzazi anasaini kwamba anakubali, imeandikwa Kiswahili cha kawaida, mistari minne. Aliyekataa simlazimishi na mtoto wake haachwi, anaingia kwenye kituo cha jirani.

Mtandao upi? Wenzangu wanasifia Telegram na ni kweli inabeba mafaili makubwa mno na unaweza kuficha namba, ila niulize wazazi wangapi wa hapa mjini kwetu Tukuyu wanayo. Chagua kile ambacho watu tayari wanacho, huku kwetu ni WhatsApp. YouTube mi naitumia kuangalia mwenyewe nikiwa na bando la maana, naona mtu anavyoeleza bonde la ufa, halafu nakuja kueleza kwa maneno yangu. Facebook waachie wazazi na waliomaliza shule. Basi.

Sasa settingi. Ukishafungua grupu nenda kwenye mipangilio yake weka admini tu ndo wanaoweza kutuma ujumbe. Hii peke yake inaondoa yale maua ya asubuhi njema. Unafungua wote waongee pale ukifika muda wa maswali, ukiisha unafunga, kama mlango wa darasa. Weka admini wa pili, mwalimu mwenzako, maana simu yako ikiibiwa sokoni Mwanjelwa, Mbeya mjini, grupu linabaki yatima. Na juu kabisa bandika ujumbe mmoja, wa kwangu unasema hivi:

"Hili ni darasa la jiografia. Jumanne na Alhamisi saa 2 mpaka saa 2:45 usiku. Mwalimu hajibu baada ya hapo. Hakuna kufowadi chochote. Picha ya mtoto haitumwi. Mzazi mwenye shida anifuate inboksi."

Hiyo ya kutojibu baada ya muda huo uiheshimu wewe mwenyewe kwanza, ukijibu saa tano usiku mara moja tu umeshaajiriwa.

Bando nalo. Waonyeshe wazazi siku ya kikao, simu kwa simu, kwamba kwenye mipangilio ya WhatsApp kuna sehemu ya hifadhi na data, pale watoe tiki za picha na video zisijishushe zenyewe wakiwa kwenye bando. Voisi zenyewe zinajishusha tu ila hazina shida, voisi ya dakika tatu haifiki hata MB moja wakati video ya dakika hizohizo inaweza kula zaidi ya MB kumi. Kwahiyo kipindi changu ni hivi: picha moja ya mchoro niliochora ubaoni, mchana kwenye mwanga, voisi mbili zisizozidi dakika tatu kila moja, swali moja. Moja! Walimu tukipewa uwanja tunamwaga notsi za kurasa arobaini. Nani anasoma PDF ya kurasa arobaini kwenye kioo kilichopasuka? Anayetaka kitabu kizima mwelekeze maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, vitabu vya kiada vipo bure, ashushe siku shule ikiwa na waifai.

Ile kura ya WhatsApp niliijaribu kwa maswali ya kuchagua nikaacha, kila mtu anaona nani kachagua nini, mmoja akibonyeza B wote wanafuata upepo B. Bora waandike kwenye daftari wapige picha wanitumie inboksi.

Ila swali lenyewe ndo kila kitu. Ukiuliza "eleza maana ya volkano" watakukopia. Uliza kitu ambacho jibu lake liko nyuma ya nyumba yao. Tulivyofika topiki ya volkano nikawaambia, sisi tumekaa juu ya majivu ya mlima Rungwe, kila kituo kitafute jiwe lenye vitundu, kiliweke kwenye ndoo ya maji, kinitumie kinachotokea. Karibu wote wakaleta picha za jiwe jeusi limezama, sawa, lile ni basalti, vitundu ni gesi ilitoka wakati lava inapoa. Saa mbili na nusu kituo kimoja kikaleta kavideo ka sekunde sita: ndoo ya kijani, mkono wa mtoto unaweka jiwe la kijivu kama yai, linazama kidogo linarudi juu, linaelea. Grupu likalipuka. "Ticha huyo kaweka mkaa!" "Mkaa mweupe uliuona wapi?" Mwingine "ni gunzi hilo". Hata yule mzazi wa mitandao ni uhuni aliandika, mara yake ya kwanza, "nyie watoto hayo mawe tunachimba shambani kila siku."

Sikujibu. Niliandika tu "mwenye jiwe aje nalo kesho" nikafunga grupu. Asubuhi nikaazima ndoo jikoni, jiwe likapita mkono kwa mkono darasa zima, wale ambao usiku hawakuwa na simu ndo walioligombania zaidi, na pale ndo nikafundisha pamisi, kwamba ni lava iliyojaa gesi kama povu la sabuni ikaganda kabla povu halijapasuka. Kwahiyo ratiba iwe hivyo, usiku swali, asubuhi mnamalizia darasani, kisiishie kwenye simu hata siku moja.

Tahadhari chache. Taarifa yoyote ya tarehe, ada, matokeo, usiipeleke mpaka uione kwenye tovuti ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, au barua ya shule, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahusu na mwalimu pia, hakuna cha nimefowadi tu. Kila ikikaribia Novemba, mtihani wa kidato cha nne, watajitokeza watu wanauza "pepa", eti mtihani wenyewe kabla haujafanyika, waambie madogo mapema kabisa kwamba hao ni matapeli, na anayeleta hiyo linki toa hapohapo. Na mwanafunzi akikufuata inboksi kwa jambo lisilo la somo, hasa usiku, mjibu kupitia kwa mzazi au mwalimu wa malezi, ujilinde na umlinde.

Mtihani wa mwisho ukiisha, funga. Andika asanteni sana, kwa Kinyakyusa ndaga fijo, toa watu wote halafu toka mwenyewe, mwakani unaanza upya na vikaratasi vyako. Yale magrupu ya mwaka wa juzi ambayo sikuyafunga mpaka leo yananiletea mikeka.