Somo: Ganda la mbegu la deilili (mmea wa maua ya bustani) linapodondoka kabla ya kukomaa

Wengi mnalaumu mikono yenu. Mara nyingi mkono hauna kosa: ganda lilikuwa limekwisha kushindwa kabla hujaligusa ua.

1. Anza na kromosomu, vibeba-urithi vilivyo ndani ya seli. Deilili za diploidi (seti mbili) zina 22, za tetraploidi (seti nne) 44. Ukichanganya aina hizi mbili, ganda linaweza kuvimba likakupa matumaini, kisha likanyauka. Mbegu nzima ni nadra mno. Ile ya rangi ya machungwa iliyozagaa bustanini, ‘Europa’, ni triploidi (seti tatu) yenye 33, nayo usiisubirie ganda. Kabla ya kununua mmea wa kuzalisha, uliza kwanza ni wa kundi gani. Swali hili moja lingeniokolea msimu mzima.

2. Chavusha asubuhi. Ua huishi siku moja tu. Ngoja umande ukauke na chavua ifunguke iwe unga wa njano, chomoa stameni moja (kijiti chenye chavua) kwa kibano, upake unga kwenye ncha ya ule uzi mrefu unaozipita stameni zote. Funga lebo papo hapo; jioni hutakumbuka. Siku za joto la nyuzi 32 na zaidi, wahi mapema, na hata hivyo tegemea hasara. Mvua nayo huosha chavua.

3. Usivute ua lililonyauka. Litajikunja kama kitambaa kilicholowa, na baada ya siku chache utaona kiganda kidogo cha kijani kama njegere kikilisukuma litoke. Hapo ndipo hatari inapoanza: wiki tatu za mwanzo ndizo humwaga maganda mengi. Maji yasikatike.

4. Vuna ganda likipasuka juu, kwa kawaida siku 40 hadi 60 tangu kuchavusha. Ndani mna vyumba vitatu. Mbegu nzuri ni nyeusi, ngumu, zinang'aa.

Maswali ya wanachama

– Mwalimu, maganda yangu yote yamegeuka njano siku ya kumi. Wazazi wote wawili ni tetraploidi.
Pole sana, dada. Kama hakukuwa na joto kali wala ukame, geuza wazazi: mama awe baba. Baadhi ya mimea hukataa kabisa kubeba ganda, lakini chavua yake ni nzuri.

– Mimi ganda limekomaa vizuri, ila mbegu zinabonyea kwa kidole.
Hizo hazina kiini, kaka. Tenga zile ngumu tu, hata zikiwa mbili. Mbili zinatosha kupanda.

– Upepo umevunja bua, na ganda bado la kijani!
Lina siku ngapi? Kama limepita mwezi, kata bua refu, lisimamishe kwenye maji dirishani, ubadilishe maji kila siku. Linaweza kukomaa humo humo. Likiwa na wiki mbili tu, chavusha ua lingine kesho asubuhi.