Siku ya Mvua Dar es Salaam: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kutoka

Masika yakishaingia, nyumba ikiwa na watoto wa likizo au wageni wa kutoka bara, swali la asubuhi huwa ni moja: leo twende wapi ambako hatutalowa? Majumba ya kuingia yapo, na mengine ni mazuri mno. Lakini kwa Dar es Salaam hilo ni swali la pili. La kwanza ni kujua uko upande gani wa Mto Msimbazi, kwa sababu mto huo ndio utakaoamua kama mtashinda mkitembea au mtashinda kwenye foleni.

Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita mabondeni Vingunguti na Kigogo, unafika Jangwani, kisha unaingia baharini karibu na daraja la Selander. Barabara ya Morogoro inaukata pale Jangwani, mahali pa chini kabisa, na mvua ikizidi maji hupanda hadi barabarani. Yakishapanda, mabasi ya mwendokasi yanayotoka Kimara hayavuki. Abiria huishia Magomeni na kila mtu anajitafutia njia. Anayekaa Kimara, Ubungo, Sinza au Magomeni akitaka kufika Posta siku kama hiyo mara nyingi huzunguka kwa Selander au kwa daraja la Tanzanite lililofunguliwa 2022, na huko atawakuta wenzake wote wenye wazo lile lile. Anayetoka Temeke, Mbagala au Kurasini anaingia mjini bila kuuvuka mto huo. Kwa hiyo kanuni ninayoishika ni hii: siku ya mvua sivuki Msimbazi kwa ajili ya matembezi. Kazi na ugonjwa vinaweza kukuvusha. Starehe ichague iliyo upande wako.

Jioni ya kuamkia siku hiyo sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Tahadhari zao zina ngazi tatu: angalizo (rangi ya njano), tahadhari (rangi ya chungwa) na tahadhari kubwa (nyekundu). Kwa angalizo mimi hutoka nikiwa nimejipanga. Ikifika tahadhari tunabaki nyumbani, tunapika maandazi na kucheza bao, wala sioni kama siku imepotea.

Tazama na mwezi pia, jambo ambalo watu wengi wa mjini hawalifikirii. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu ni siku za bamvua, bahari hujaa kuliko kawaida. Bahari ikijaa hivyo inauziba mlango wa mto, na maji yanayoshuka kutoka Pugu yanakosa pa kutokea, yanatanda bondeni. Ndiyo maana mvua ya kiasi kile kile inaweza kupita wiki hii bila neno, na wiki ijayo ikafunga Jangwani. Kama una jamaa anayeshughulika na samaki Feri, muulize maji yanajaa saa ngapi. Atakujibu bila kutazama saa.

Ukishajua upande, jua na jina la mahali. Mwaka juzi mtoto wa kaka yangu alikuja kutoka Tabora, nikamwelekeza tukutane makumbusho. Alimwambia konda hivyo hivyo, "Makumbusho," konda akamwambia panda. Saa nne asubuhi akanipigia: "Shangazi, nimefika. Mbona naona nyumba za nyasi tu, na mvua inanipiga?" Alikuwa Kijitonyama, kwenye Kijiji cha Makumbusho, ambako nyumba za asili za makabila mbalimbali zimejengwa kwenye uwanja wa wazi. Ni mahali ninapopapenda, ila ni pa siku ya jua. Mimi nilikuwa mjini, Mtaa wa Shaaban Robert, kwenye Makumbusho ya Taifa, na katikati yetu kulikuwa na Selander iliyofurika magari. Kituo cha daladala kinachoitwa Makumbusho ni kile cha Kijitonyama. Kwa hiyo ukimwelekeza mgeni mtajie Posta, kisha mwambie aulizie bustani ya mimea au ukumbi wa Karimjee. Makumbusho yako hapo hapo.

Kwa aliye upande wa mjini, hapo ndipo pa kwanza ninapopapendekeza. Jengo la zamani lilifunguliwa 1940, jipya liliongezwa baadaye, na jina kamili leo ni Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni. Usikimbilie kuona kila kitu. Nenda moja kwa moja kwenye habari za chimbuko la binadamu, umtafute Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, ambaye fuvu lake Mary Leakey alilipata Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 1.75. Waambie watoto watazame magego, jinsi yalivyo mapana, kisha kila mmoja apitishe ulimi kwenye magego yake mwenyewe. Hapo ndipo makelele yanapokwisha na maswali yanapoanza.

Halafu muombe mwongoza wageni awasimulie nyayo za Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, zilizogunduliwa 1978, kwa kuwa hiyo ni habari ya mvua. Miaka milioni 3.6 iliyopita volkano ilimwaga majivu juu ya nchi, mvua nyepesi ikayalowesha, na viumbe wa ukoo wetu wakapita juu yake kwa miguu miwili majivu yakiwa laini kama saruji mbichi. Yakakauka, majivu mengine yakaja kuyafunika. Katika tabaka hilo hilo vimebaki hata vijishimo vya matone ya mvua yaliyoanguka wakati ule. Niliwahi kuisikiliza habari hiyo nikiwa na mtoto wa miaka saba, nje mvua ikimwagika. Alinyamaza, akatazama juu kwenye dari, akauliza: "Na hii yetu nayo itabaki?" Sikuwa na jibu. Lakini tangu siku hiyo huwa nayapanga matembezi ya masika kuizunguka habari ile, maana hakuna siku inayoifaa kuliko siku ya mvua.

Kuna mambo mawili ya kujiandaa nayo hapo. Viingilio vinatofautiana kati ya raia, mkazi na mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho chako cha NIDA. Na malipo ya taasisi za serikali siku hizi hupita kwa kontroli namba, yaani namba maalumu ya malipo unayopewa, basi weka pesa kwenye simu tangu nyumbani. Wakala wa kando ya barabara siku ya mvua huwa amekunja mwavuli wake na kuondoka. Jua pia kwamba si kila kitu kiko chini ya paa moja. Kumbukumbu ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa tarehe 7 Agosti 1998 iko nje, na inastahili kusimama mbele yake kwa utulivu. Subiri mvua ipungue ndipo uiendee.

Mvua ikiwaruhusu kusogea, Boma la Kale liko Barabara ya Sokoine. Lilijengwa 1866 na 1867, zama za Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, yule aliyeanza kuujenga mji huu mahali palipoitwa Mzizima. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, nene, na ukiwa ndani kelele za barabarani zinapungua ghafla. Ndani yake kuna kituo cha urithi wa majengo ya Dar es Salaam, na kwa mtu aliyezoea kuona maghorofa yakiota kila mwezi, inasaidia kujua mji ulikuwaje. Siyo pakubwa, nusu saa inatosha. Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ipo kwenye barabara ya Bibi Titi Mohamed, na ina sehemu ya watoto. Beba daftari na kalamu, na ulizia kwanza kwa simu saa zao za kufungua, hasa ikiwa ni mwisho wa wiki.

Upande wa pili wa mto, wa Kinondoni na Masaki, mimi hupeleka watu kwa wachoraji wa Tingatinga, Oysterbay, karibu na Morogoro Stores. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora 1968 kwa rangi ya mafuta ya madukani, juu ya vipande vya hadibodi, na alifariki 1972. Miaka minne tu, lakini mkono wake umeendelea hadi leo kwa wanafunzi wa wanafunzi wake. Pale unawakuta mafundi wameketi chini ya paa, mmoja anajaza madoa ya chui, mwingine anavuta shingo ya twiga, na harufu ya rangi imetanda kwa kuwa unyevu hauipi nafasi ya kuondoka. Unyevu huo ndio wa kuzingatia. Rangi ya mafuta siku za masika hukawia sana kukauka. Gusa pembeni ya picha kwa ncha ya kidole kabla ya kulipa. Ikinata, iache, urudi siku nyingine. Ukinunua iliyokauka, omba itolewe kwenye fremu, iviringishwe rangi ikiwa upande wa nje, iingie kwenye bomba la plastiki au gamba la boksi lililozibwa vizuri. Picha nzuri imeshaharibika mara nyingi kati ya mlango wa duka na mlango wa bajaji.

Mlimani City nayo ipo upande huo, kwa wanaotaka sinema na maduka. Siku ya mvua hujaa, basi fika mapema.

Kariakoo siipendekezi kwa matembezi ya mvua, ingawa mtu akiona paa kila mahali hudhani ndipo. Mitaa yake hutuama maji, na msongamano ule ule unabanwa kwenye vibaraza. Ila ukipita karibu na Soko Kuu, lile lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa 1975, inua macho: mapaa yale ya zege ni mfano wa miavuli iliyopinduliwa, yaliyochorwa hivyo ili kuyapokea maji ya mvua. Msanifu alikuwa amewaza masika tangu kwenye karatasi.

Sasa mkoba. Mwavuli kwenye upepo wa Kivukoni hupinduka, koti la mvua ni bora. Lakini kitu nisichokiacha ni kanga, doti nzima. Moja inamkausha mtoto kichwa, nyingine inamfunika akisinzia kwenye gari lenye dirisha lisilofunga. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, simu na fedha mimi huvitia kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, lile lile la kubebea chakula, na kila mtoto ana soksi za akiba. Tochi ndogo ni muhimu, maana mvua na kukatika kwa umeme ni ndugu, na ukumbi wa maonyesho bila taa hauonyeshi kitu. Beba chai kwenye chupa. Mama ntilie wengi hawapiki nje mvua ikinyesha, na watoto wenye njaa hawaoni fuvu wala picha.

Viatu viwe vya kufunga, vya mpira. Kandambili zinateleza, tena maji yaliyotuama huficha mitaro na chemba zisizo na mifuniko. Usipite kwenye maji usiyoona chini yake, hata yakiwa ya kifundoni, hata kama wengine wanapita. Mwenye kidonda mguuni asiyakanyage kabisa, kwa sababu vyoo vya mabondeni hufurika humo. Bodaboda kwenye mvua usimpandishe mtoto. Ngoja bajaji yenye pazia, hata kama nauli imepanda, na nauli hiyo ya kupanda itengee fedha tangu nyumbani.

La kurudi ndilo linalowanasa wengi. Mvua ikikatika mjini saa nane, jua likatoka, watu husema haya sasa, njia imefunguka. Maji yaliyonyesha Kisarawe asubuhi bado yako njiani, na yanaweza kufika Jangwani saa kadhaa baadaye chini ya mbingu nyeupe kabisa. Kama ulilazimika kuuvuka mto, usiangalie mawingu. Mpigie mtu wa Magomeni, muulize maji yako wapi kwa sasa, ndipo uwaambie watoto wavae viatu.