Pima maji ya vizimba vya ngege kabla ya jua kuchomoza

Wafugaji wengi wa ngege (tilapia) kwenye vizimba vya Ziwa Victoria hapa Jinja, Uganda, hupima maji saa nne asubuhi, jua limeshawaka, kisha huandika kwamba oksijeni inatosha. Kipimo hicho hakiwalindi samaki. Mchana mwani hutoa oksijeni. Usiku huitumia, tena pamoja na samaki. Kwa hiyo maji huwa katika hali mbaya zaidi karibu na alfajiri, na hapo ndipo upime.

Hatua ya 1: Rekebisha kifaa cha kupima oksijeni. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Maji yasiyo na chumvi ya nyuzi 26 yakijaa oksijeni kwenye usawa wa bahari hubeba miligramu 8 hivi kwa lita. Huku kwetu ni kama 7 tu. Usipoingiza mwinuko, kifaa kitakudanganya. Weka kichwa chake cha kupimia ndani ya kikombe chenye sponji mbichi, kisiguse maji, usubiri namba itulie.

Hatua ya 2: Saa kumi na moja alfajiri, pima juu, katikati na karibu na kitako cha wavu. Pima ndani ya kizimba, halafu nje, upande mkondo unakotokea. Watu huruka sehemu hii ya nje, nayo ndiyo inayokuonyesha chanzo. Nje pazuri na ndani pabaya? Samaki wamesongamana, au matundu ya wavu yamezibwa na mwani: sugua wavu, punguza samaki. Kote pabaya? Tatizo ni la ziwa.

Hatua ya 3: Amua chakula. Oksijeni ikiwa miligramu 5 kwa lita kwenda juu, lisha kama kawaida. Kati ya 3 na 5, subiri jua lipande, upunguze. Chini ya 3, usilishe kabisa, wala usiwachambue kwa ukubwa au kuwahamisha. Samaki aliyeshiba hutumia oksijeni zaidi kuliko mwenye njaa. Najua inauma kuwanyima chakula ukiwa na mkopo, lakini siku moja ya njaa haiui ngege.

Hatua ya 4: Kila wiki, shusha kwa kamba sahani ya sentimita 20 yenye robo nyeusi na nyeupe. Andika kina inapopotea machoni. Kikipungua na maji yana ukijani, mwani unaongezeka.

Kuanzia Juni hadi Agosti, pepo za kusini-mashariki huchanganya ziwa na kupandisha maji ya chini yasiyo na oksijeni. Kipindi hicho pima kila siku, na pia baada ya dhoruba kubwa. Mwanzoni mwa 2021 sangara wengi walikufa katika maziwa ya Victoria na Kyoga, na serikali ya Uganda ikataja upungufu wa oksijeni. Sangara huishiwa pumzi kabla ya ngege, kwa hiyo ukiwaona wanaelea, usisubiri wako.

Andika tarehe, saa, kina na joto kwenye daftari moja. Samaki wakifa, jaza chupa safi maji ya pale pale, iweke kwenye barafu, umpelekee afisa uvuvi wa wilaya pamoja na daftari.