Kusafishwa Nta ya Masikio na Mtaalamu: Mambo Ambayo Mgonjwa Anapaswa Kuyajua

Nta ya masikio si uchafu. Hutengenezwa katika sehemu ya nje ya tundu la sikio, hunasa vumbi, hulinda ngozi, kisha husogea yenyewe taratibu hadi nje. Sikio lisilouma, lisilowasha na linalosikia vizuri halihitaji kusafishwa na mtu yeyote, hata kama nta inaonekana. Anayepaswa kwenda kituo cha afya ni yule ambaye sikio lake limeziba, linauma, linavuma au halisikii kama zamani. Wengi wao hufikishwa huko na vijiti vya pamba, njiti za kiberiti na unyoya wa kuku, kwa kuwa tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa takriban sentimita 2.5 tu, na kinachoingizwa humo huishindilia nta karibu na ngoma ya sikio.

Nta iliyokauka ni vyema ilainishwe kwanza. Lala ubavu, mtu akudondoshee matone mawili au matatu ya mafuta ya zeituni yasiyo ya moto, au dawa ya kulainisha nta kutoka duka la dawa, ubaki hivyo kwa dakika 5. Hufanywa mara mbili au tatu kwa siku, kwa siku 3 hadi 5. Sikio linaweza kuziba zaidi kwa muda kwa sababu nta huvimba, na hilo lisikutie hofu. Usitie chochote ikiwa ngoma ya sikio iliwahi kutoboka, au ikiwa sikio linatoa usaha.

Ukifika, mweleze mhudumu historia yote bila kusubiri kuulizwa: usaha wa tangu utotoni, upasuaji wa sikio, kisukari, dawa za kuzuia damu kuganda, au kwamba sikio la pili halisikii kabisa. Watu wengi huliona jambo la usaha wa zamani kuwa dogo, ilhali ndilo linaloamua kama maji yanaweza kutumika kuosha sikio. Kisha hakikisha ametazama ndani ya sikio kwa kifaa chenye taa kabla ya kufanya lolote. Asiyetazama asikubaliwe kupiga maji, na mgonjwa ana haki ya kulisema hilo kwa adabu lakini waziwazi.

Katika kuosha kwa maji, mhudumu huvuta sikio la mtu mzima juu na nyuma ili tundu linyooke, kisha husukuma maji kwa nguvu ndogo kuelekea ukuta wa juu wa tundu, wala si moja kwa moja kwenye ngoma, huku mgonjwa akishika bakuli chini ya sikio. Maji yawe ya nyuzi joto 37 hivi, yaani joto la mwili, kwa sababu ya baridi au ya moto huchokoza sehemu ya sikio la ndani inayotawala mizani, na chumba kikaonekana kuzunguka. Kukohoa ni kawaida, kwani mshipa wa fahamu unaopita sikioni una uhusiano na koo. Maumivu si ya kawaida: sema, na kazi isimamishwe papo hapo.

Asiyefaa kuoshwa kwa maji hupelekwa kwa daktari wa masikio, pua na koo, ambaye huivuta nta kwa mrija mwembamba wa kunyonya au kuitoa kwa kijiko kidogo huku akiiona. Mrija huo una kelele kubwa, na kinachotakiwa kwako ni kutulia. Mtoto aliyeingiza punje ya mahindi au haragwe asitiwe maji, kwa maana punje itavimba. Betri ndogo ya saa iliyoingia sikioni ni dharura ya papo hapo. Mishumaa ya masikio, ile inayochomekwa sikioni na kuwashwa, haitoi nta, bali huunguza.

Baada ya hapo, linda sikio lisiingie maji kwa siku chache. Maumivu yanayozidi, usaha au damu vinakutaka urudi upesi. Iwapo nta imetoka yote na bado husikii vizuri, omba upimwe usikivu. Na usikivu uliopotea ghafla ndani ya siku 3 au chini ya hapo usisubirishwe kwa matone hata kidogo, kwa sababu tiba yake hufaa zaidi ikianza mapema.