Kumwandalia mtoto mchezo wa mashujaa vijana, hatua kwa hatua

Mtoto wa miaka 11 au 13 akikuomba umwendeshee mchezo wa kuigiza wahusika (ule wa mezani, ambapo wewe unasimulia, yeye anasema mhusika wake anafanya nini, na dadu huamua matokeo), na akataka awe kijana mwenye nguvu za ajabu, usianze kwa kubuni adui. Wengi huanzia hapo. Wanaunda jitu la chuma, wanalijengea ngome, wanalipa mpango wa kuiteka dunia, kisha wanamngoja mtoto aje apigane nalo. Mapambano mawili ya kwanza hunoga. La tatu huchosha, kwa sababu halimgusi mhusika mwenyewe: angekuwa shujaa mwingine yeyote, mambo yangekwenda vilevile. Hadithi ya shujaa wa umri wa kubalehe huendeshwa na swali moja: yeye ni nani, na nani mwenye haki ya kuliamua hilo? Lipange swali hilo kwanza. Adui atatokea humo humo.

Nazungumzia mfululizo wa vikao wa watu wawili, wewe msimulizi na yeye mchezaji. Kundi likiwepo, wachezaji husaidiana, hutaniana na kujaziana mawazo. Mtoto akiwa peke yake, kila uamuzi ni wake na kila kimya ni chake. Karibu kila ninachoshauri hapa chini kinatokana na jambo hilo.

Hatua ya 1: Chagua kanuni nyepesi

Ipo michezo ya mashujaa yenye hesabu nyingi. Mutants & Masterminds, iliyotolewa na Green Ronin mwaka 2002, hutumia dadu ya pande 20, na nguvu za mhusika hununuliwa kwa pointi. Mtoto anayependa hesabu ataufurahia, ila kumuunda mhusika mmoja kunaweza kumaliza jioni nzima. Mwenzake Masks, wa Magpie Games, wa mwaka 2016, umetungwa mahsusi kwa mashujaa vijana. Humo hakuna pointi za uhai, yaani namba inayopungua kila mhusika anapopigwa. Mhusika akiumizwa, mchezaji anaweka alama kwenye hisia: hofu, hasira, hatia, kukata tamaa au kutojiamini. Umeandikwa kwa ajili ya kundi, lakini mtindo wake wa dadu unawafaa sana watu wawili, nami ndio ninaoutumia:

Rusha dadu 2 za pande 6, jumlisha, ongeza namba ya sifa ya mhusika. Ukipata 10 au zaidi, umefanikiwa. Ukipata 7 hadi 9, umefanikiwa lakini kuna gharama. Ukipata 6 au chini, msimulizi anaipeleka hadithi pabaya.

Sifa nne zinatosha: Ukali, Huruma, Akili na Ukawaida. Hii ya mwisho ni uwezo wa kuishi nyumbani na shuleni bila kushukiwa. Angalia hesabu kabla ya kugawa namba. Dadu mbili zina matokeo 36. Bila nyongeza, 15 kati yake ni ya kushindwa na 6 tu ni ya ushindi kamili. Kwa nyongeza ya 1, kushindwa kunashuka hadi 10. Kwa nyongeza ya 2, hadi 6. Mtoto aliye peke yake hana mwenzake wa kumwokoa, kwa hiyo mpe 2 kwenye sifa anayoipenda, 1 kwenye mbili nyingine, na 0 kwenye moja. Hapo atashindwa mara chache, lakini mara nyingi atalipa gharama, na gharama ndiyo inayozaa hadithi.

Hatua ya 2: Kaeni mzungumze kabla ya dadu

Mwulize anataka hadithi ya namna gani: ya kuchekesha, ya kutisha kidogo, ya upelelezi? Kisha mwulize asichotaka kukiona kabisa. Watoto wengi hawasemi moja kwa moja, kwa hiyo taja mifano: mnyama kuumizwa, mzazi kufa, mtu kufungiwa gizani. Kama si mtoto wako, mwulize na mzazi wake.

Weka mezani kadi yenye alama ya X. Mtindo huu ulibuniwa na John Stavropoulos: mtu yeyote akiigusa kadi, tukio linarukwa au linabadilishwa, na haulizwi sababu. Kwa mtoto, kumweleza tu hakutoshi. Katika kikao cha kwanza iguse wewe mwenyewe kwa jambo dogo, useme, "Hapa tubadilishe kidogo," kisha uendelee kana kwamba hakuna kilichotokea. Akishaona mtu mzima ameigusa, naye hataona haya.

Hatua ya 3: Nguvu yenye pande mbili

Mwache achague nguvu anayoitaka, hata ikiwa ni ileile ambayo kila mtoto huitaka. Kazi yako ni kuuliza maswali mpaka nguvu hiyo iwe yake. Inamsumbua lini? Nani anajua? Nani hapaswi kujua, na kwa nini? Kuna kitu gani anachokipenda ambacho nguvu hii inakiharibu?

Chukua mfano wa Neema, anayejiita Mwangwi. Anameza sauti yoyote iliyo karibu naye, halafu anaitoa baadaye kwa kishindo cha kuvunja ukuta. Nguvu nzuri ya vita hiyo. Lakini kila sauti aliyoimeza inabaki ndani yake, yakiwemo maneno ambayo watu waliyasema wakidhani hawasikiwi. Sasa una shujaa anayejua siri za darasa zima bila kupenda. Hapo unaweza kutunga vikao vitano bila jitu hata moja.

Hatua ya 4: Watu watatu wanaomvuta huku na huku

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Andika watu watatu walio karibu na mhusika, na kwa kila mmoja sentensi moja inayoanza na "Wewe ni". Kwa Neema ningeandika hivi:

Kanali, shujaa mstaafu anayemfundisha: "Wewe ni ngao ya mji huu, na ngao haichagui siku."
Mama yake: "Wewe ni mwanangu kwanza. Hayo mengine yatasubiri."
Farida, rafiki yake wa darasani: "Wewe ni mtu wa pekee, mbona unajificha?"

Wote watatu wawe na hoja. Ukimfanya mama kuwa kikwazo tu, au Kanali kuwa mkatili, umeshamjibia mtoto swali lake. Na wote wampende. Mtoto wa umri huu anajua sana maana ya kupendwa na watu wanaokutakia mambo yanayopingana, hata kama hajawahi kulisema hilo.

Kisha yatie maneno yao kwenye kanuni. Mmoja wao akimwambia yeye ni nani, mwulize mchezaji: unakubali? Akikubali, sifa moja inapanda kwa 1 na nyingine inashuka kwa 1. Akimkubali Kanali, Ukali unapanda na Ukawaida unashuka. Akikataa, anarusha dadu, na akishindwa anaandika hisia mojawapo kwenye karatasi yake. Wazo hili nimelitoa kwenye Masks, na sijaona kanuni inayomfanya mtoto asikilize mazungumzo kwa makini kuliko hii. Anatambua kwamba maneno ya mama yake wa mchezoni yana uzito sawa na ngumi.

Hatua ya 5: Sasa adui

Adui ni mtu wa nne mwenye sentensi yake. Anampa mhusika kitu ambacho wale watatu wamemnyima. Neema hajawahi kuambiwa kwamba anaruhusiwa kuchoka, basi adui wake awe mwanamke anayeuzima mji kwa ukimya, mtaa mmoja baada ya mwingine, na anayemwambia, "Kwangu hutasikia chochote." Mpe sababu anayoiamini kweli. Mpe pia saa: chora duara, ligawe vipande 6, na kwenye karatasi yako andika tukio la kila kipande. Kila Neema anapochelewa au kushindwa vibaya, jaza kipande, na tukio lake linatokea. Mchezaji aione saa hiyo, ila asione yaliyoandikwa.

Hatua ya 6: Andaa ukurasa mmoja tu

Kwa kila kikao andika tukio la kuanzia, mahali patatu, watu wawili wenye haja fulani, na swali moja ambalo wewe mwenyewe hujui jibu lake. Ukishajua mwisho wa kikao kabla hakijaanza, utamsukuma mtoto kuuelekea, naye atahisi.

Hatua ya 7: Mezani

Dakika 60 hadi 90 zinatosha. Mchezaji pekee hapumziki zamu za wengine zikiendelea, kwa hiyo huchoka upesi. Akinyamaza, hesabu kumi kimoyomoyo kabla ya kumsaidia. Mara nyingi anatunga.

Huu hapa mfano wa gharama inavyofanya kazi. Basi la shule linaning'inia ukingoni mwa daraja. Binti wa kaka yangu, anayemchezea Neema, anarusha dadu kwa Huruma: 3 na 4, na nyongeza yake ni 1. Jumla 8.

"Unalizuia basi," namwambia. "Lakini unahitaji sauti kubwa, na iliyo karibu ni ya Farida anayekuita kwa jina lako halisi mbele ya kamera. Ukiimeza, Farida atakuwa bubu mpaka kesho. Ukiiacha, mji wote utakujua."

Anaitazama karatasi yake. "Shangazi, si nimeshameza sauti nyingine? Ile ya mama akilia jikoni. Naitoa hiyo."

Kwenye karatasi yangu hilo halikuwepo. Nikakubali palepale, nikamwuliza ni nani pale darajani anayekitambua kilio kile. Mtoto akileta njia ya tatu inayomgharimu kitu, ipokee. Kata tu ile isiyo na gharama yoyote.

Mambo mawili zaidi. Kwanza, wahusika wako wasimwokoe. Kanali anaweza kufika, lakini afike akiwa na shida yake. Pili, kushindwa kusimalize hadithi kwa kifo. Anayeshindwa hukamatwa, hujulikana, humpoteza rafiki kwa muda, au anaokolewa na adui, na hili la mwisho huwasha moto kuliko yote.

Hatua ya 8: Vikao vya mbele na mwisho wake

Baada ya kila kikao mwulize: unadhani nani anakuficha kitu? Andika jibu lake. Likiwa bora kuliko mpango wako, litumie. Ataona ameligundua mwenyewe.

Panga vikao 6 hadi 8, si zaidi kwa mara ya kwanza. Katika kile cha mwisho, wale watatu na adui warudie sentensi zao, kila mmoja kwa hali aliyofikia, halafu mchezaji aandike yake mwenyewe inayoanza na "Mimi ni". Akiiandika, anahamisha pointi mbili za sifa apendavyo, na hakuna atakayezigusa tena. Akitaka kuendelea na mhusika yuleyule, badilisha wale watu watatu. Akitaka mhusika mpya, mwache Neema aishi katika mji huohuo, umwigize wewe kwa dakika chache tu, na kabla ya kumsemesha mwulize mwenye mhusika: hapa Neema angesema nini?