Kazi ya kampuni kubwa ya teknolojia ukiwa Unguja

Wadogo zangu mnaoanza, saa kwanza. California, waliko wenzako wa kazi, ikiwa saa 3 asubuhi, hapa Michenzani ni saa 1 usiku; Novemba wakirudisha saa zao nyuma, inakuwa saa 2. Vikao vingi basi hugongana na Isha. Ingiza sala kwenye kalenda ya kazi mapema, kila mtu aione. Mimi sijawahi kuombwa niiondoe.

Kazi yenyewe hasa ni kuandika. Programu uliyoandika haiingii kwenye mfumo wa kampuni mpaka mwenzako aipitie, naye akifika kazini wewe ndiyo unafunga. Ukimwandikia "haifanyi kazi" tu, siku nzima imekwenda. Mweleze umebadilisha nini, kwa nini, umejaribu vipi, kisha bandika ujumbe wa hitilafu wenyewe, wote. Amazon vikao huanza kwa watu kusoma kimya waraka wa kurasa zisizozidi 6. Maandishi yana uzito kiasi hicho.

Umeme wetu unapita chini ya bahari kutoka Bara, kwa hiyo wekea ruta ya intaneti betri ya akiba, ukikatika usipotee.

Na mkubwa wako akikulaumu, muombe mfano palepale. Kunyamaza kwetu kwa heshima kule huonekana huna la kusema, na inaniuma kuona vijana hodari wanapitwa hivyo.